Kifutu, Viini vya Mayai na Themosi ya Jogoo

Ninyi mnaobaki na nyoka, hii ni yenu. Mimi nimestaafu, au tuseme kituo chetu cha utafiti wa sumu ya nyoka ndicho kilichostaafu nikiwa ndani yake, maana umri wangu bado na magoti yangu yanapanda kilima bila kulalamika. Mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi pale nje ya Migori miaka hii ya tisini. Shule niliiacha darasa la tano katikati, kwa hiyo mtasoma kama ninavyosema. Mambo ya cheo sitasimulia. Nilipandishwa mara moja, na kilichobadilika ni rangi ya aproni. Nitawaambia habari za nyoka, mayai na Jakobo, na nikicheka nikiandika mnisamehe, binti yangu Akoth ameshauliza kama nina homa.

Wengine huingia kazini kwa barua. Mimi niliingia kwa meno ya kifutu. Huyu ni yule nyoka mnene, mfupi, mvivu, ambaye sisi Wajaluo tunamwita fuu kwa ile pumzi anayotoa akiudhika. Nilikuwa nachimba viazi vitamu nyumbani kwa mume wangu, nikapeleka mkono wa kushoto chini ya majani, naye alikuwa amelala hapo na hakupenda kuamshwa. Mume wangu alikuwa Awendo kwenye miwa. Mwenye neno pale nyumbani alikuwa shemeji yangu Odongo, na ninamtaja kwa jina kwa sababu yuko hai, ana afya njema na hajawahi kusema pole. Odongo alisema hospitali ni ya watu wasio na wazee. Akamwita mganga Otoyo, naye namtaja, akanichanja kwa wembe na kubandika jiwe jeusi. Jirani yetu Risper, huyo ni wa tatu, akaleta mpira wa baiskeli wakanifunga chini ya kiwiko mpaka vidole vikawa rangi ya biringani. Nililala hivyo, wao wakinywa uji wangu, hadi mume wangu akafika na kunibeba kwenda Homa Bay.

Hospitalini waliniokoa mimi. Vidole viwili havikuokoka. Daktari wa pale alisema nyoka mwenyewe angeniachia mkono mzima. Kilichonimaliza ni ule mpira. Watu huniambia nisamehe nisonge mbele. Nimesonga mbele sana, lakini majina nimeyabeba, hayana uzito.

Nikiwa bado kitandani, akaja mwanamke mfupi wa Kisii, miwani imefungwa kwa uzi, anauliza wagonjwa wa nyoka walifanyiwa nini kabla ya kuletwa. Alikuwa Daktari Nyaboke, daktari wa kemikali, si wa kutibu watu. Nikampa majina yangu matatu kwa sauti iliyofika mwisho wa wodi. Alisubiri nimalize.

"Mama, ukipona, unaweza kuosha chupa kwa mkono mmoja na nusu?"

"Naweza kuosha hata watu," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza nilijua naenda kwenye sinki. Nikafungua mlango usiofaa, nikakuta chumba kizima kimejaa masanduku ya mbao yenye wavu, na ndani ya kila sanduku mtu wangu wa kwenye viazi. Nikatoka mbio nikapiga kelele za kuita kijiji. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka polepole, kama injini inayokataa kuwaka. Huyo ndiye Jakobo, mkamuaji wa nyoka, mtu wa kisiwa cha Mfangano, mrefu na mwembamba kama nguzo ya simu.

"Nyar Uriri," akasema, maana alikuwa ameshaambiwa nimezaliwa wapi, na mwanamke kwetu huitwa kwa kwao, "unamkimbia nani? Huyu ni mtu tu, ila hana miguu."

"Ana meno."

"Hata pasta ana meno. Rudi."

Nikarudi. Jakobo alikuwa Msabato wa kweli kweli. Jumamosi nyoka walipumzika kwa sababu mkamuaji wao alikuwa kanisani. Pombe, sigara, kahawa, hata chai, havikuwahi kupita kooni mwake tangu azaliwe. Watoto wengine wa Kisabato huonja chai kwa majirani. Yeye alilelewa mahali ambapo majirani wote walikuwa shangazi zake. Saa ya chai alikuwa akinywa maji ya moto, akiyapuliza kabisa, kama yana kitu.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na sasa nawafundisha ninyi. Kifutu ukimtoa, usimfukuze kwa fimbo. Fimbo yenye ndoano unaipitisha chini ya tumbo, unasubiri aamue kwamba ni tawi. Ukimshika nyuma ya kichwa, mkono mwingine unabeba mwili, maana ni mzito na akining'inia anakasirika. Mikono miwili, kila siku, hata kama umemzoea, hata kama ana jina. Kisha unamsogeza kwenye glasi iliyofunikwa nailoni, anauma ile nailoni, na sumu inashuka ukutani mwa glasi, ya manjano, nzito, kama mafuta ya kupikia. Mara ya kwanza kuiona nilitaka kuipiga kofi.

Daktari Nyaboke alinieleza ilivyo kwa lugha ya jikoni. Sumu ya nyoka ni mchanganyiko kama mchuzi. Ndani yake kuna protini moja ndogo sana, ambayo tezi iliyo nyuma ya jicho la nyoka inaitengeneza na kuitoa nje. Hiyo protini kazi yake ni kukata mafuta, na kwa bahati mbaya kila chembe ya mwili wako imefungwa kwa ngozi ya mafuta. Ni mkasi. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kemikali ya kuziba mdomo wa huo mkasi. Hizo kemikali aliziita vizuizi. Zilikuja kutoka Nairobi na ng'ambo zikiwa unga mweupe kwenye vichupa vidogo kama vya wanja, na nyingine tulizitafuta wenyewe kwenye majani na magome.

Sasa utajuaje kama mkasi umezibwa? Hapa ndipo nilipoipenda kazi. Unachukua kiini cha yai. Kiini kimejaa yale mafuta ambayo mkasi unayapenda. Unakikoroga kwenye maji ya chumvi, unakitia kwenye kichupa chembamba cha kioo, unakizamisha kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kiini kitupu kinaganda upesi, kama yai lolote. Kiini kilichotiwa sumu hakigandi. Kinabaki uji, unachemka wewe na sufuria yako. Ukitia sumu pamoja na kizuizi kizuri, kiini kinaganda tena kama hakuna kilichotokea. Basi. Elimu yote ile, na mwisho ni yai limeiva au halijaiva. Nikajisemea, haya mambo nimeyafanya tangu nina miaka saba.

Mayai niliyanunua soko la Uriri kwa sababu kuku wa kule wana viini vyekundu. Tulitumia viini tu. Ute mweupe ulibaki, ndoo kwa ndoo, na Daktari hakutaka utupwe. Tukaukaanga. Asubuhi ute, mchana ute na ugali, jioni tunapelekea watoto ute. Mlinzi wa lango alinenepa. Mimi mpaka leo ukinipikia yai nitakula manjano nikuachie nyeupe.

Vizuizi vya unga vilitutesa. Vingine havikuyeyuka. Vingine viliziba mkasi leo na kesho havizibi. Daktari alikuwa anatazama kichupa kwenye mwanga, anasema kwa Kikisii neno ambalo hakututafsiria, na tunaanza upya. Ndipo Jakobo akarudi kutoka likizo Mfangano na gunia la gome. Lilikuwa la shangazi yake. Alisema akiwa mdogo alimwona shangazi akimnywesha mtu aliyeumwa na nyoka, na mtu yule akaondoka kwa miguu yake.

Tukalichemsha. Maji yakatoka mekundu, machungu ya kukaza ulimi. Yakipoa yalifanya tope, kwa hiyo ilibidi yakae moto, na kituo kilikuwa na themosi mbili: moja ya maua, ya chai, na moja kubwa ya jogoo, ambayo hakuna aliyeipenda kwa sababu jogoo alichorwa na macho mawili upande mmoja. Gome likapewa jogoo. Daktari akatia matone machache kwenye sumu, akatia kiini, akazamisha. Kiini kikaganda. Akarudia. Kikaganda. Kiliganda kuliko unga wowote wa ng'ambo. Jakobo alinishika mikono tukazunguka meza, na Daktari Nyaboke, mama mzima, alipiga sufuria kwa kijiko. Kwa wiki nzima tulitembea kama watu waliooa juzi.

Sasa namtaja wa nne: Bwana Ogweno, msimamizi wa kituo. Alikuwa mtu wa tai na hotuba, na nyoka aliwajua kupitia dirisha. Daktari alimwambia, "Bado. Kuna vipimo sijafanya. Kinachotokea kwenye kioo si lazima kitokee kwenye damu." Ogweno alisikia neno moja tu, kwamba kimeganda. Akaenda kwenye mabaraza ya machifu akasema dawa ya nyoka imepatikana, watu wasihangaike tena kwenda mbali. Mfanyabiashara mmoja wa Isebania alikuja kuuliza kama anaweza kupata gome kwa jumla apeleke na ng'ambo ya mpaka, upande wa Sirare. Mimi nilipotazama mkono wangu furaha ilipungua kidogo, lakini naungama ilikuwa tamu. Nilijiona namrushia Odongo gome usoni.

Ogweno akaitisha siku ya maonyesho. Wakaja chifu, wachungaji wawili, waganga, wanawake wa soko, walimu, viti havikutosha. Daktari Nyaboke akasimama mezani na jiko lake na sufuria. Kichupa cha kwanza, kiini kitupu: kimeganda. Cha pili, kiini na sumu: uji. Watu wakanong'ona. Cha tatu akavuta maji mekundu kutoka themosi ya jogoo, akatia kwenye sumu, akatia kiini, akazamisha. Akakitoa, akakipindua juu chini. Hakikumwagika. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na mwanamke mmoja alinirukia shingoni, sijui hata ni nani.

Ogweno akaanza hotuba, na wageni wakapewa chai kutoka themosi ya maua. Nilikuwa natazama nyuso. Mchungaji mmoja alionja, akafumba macho kama anaombea mgonjwa. Chifu alimeza, akaangalia kikombe, akaangalia Ogweno, akameza tena kwa sababu ya heshima.

"Hii ni chai gani?" mwanamke wa soko akamuuliza mwenzake.

"Ya Kisabato. Hawatumii majani, wanatumia miti."

"Ndiyo maana hawacheki."

"Kunywa, mama. Utafika mbinguni kabla yetu."

Daktari Nyaboke alisikia. Alichukua kikombe akalamba, akakirudisha mezani polepole. Kisha akafungua themosi ya jogoo akanusa. Akanishika aproni akanivuta mpaka maabara.

"Mama Akoth, hii ya jogoo ni chai. Turungi, bila maziwa. Nani amegusa themosi?"

Aliyegusa ni Ogweno. Asubuhi alitaka chai ya wageni ikae kwenye themosi kubwa, akamimina mwenyewe, gome kwenye maua na turungi kwenye jogoo, akakusudia kumwambia Daktari, halafu chifu akafika na yeye akaenda kusalimia, na waliogawa chai nao hawakuambiwa. Kwa hiyo wageni walikuwa wanakunywa dawa, na kiini kiliganda kwa chai.

Nilianza kucheka. Daktari hakucheka.

"Hujaelewa. Chai imefanya kazi sawa sawa na gome."

"Basi chai nayo ni dawa."

"Hapana. Basi gome si dawa. Vyote viwili vina kitu kile kile cha ukakasi, kinachokaza ulimi. Hicho hukamata protini yoyote inayopita, ya nyoka, ya kuku, ya ng'ombe. Watu hulainishia ngozi za wanyama kwa hicho. Hakiijui hiyo protini ndogo. Kinashika chochote." Alikuwa tayari anamimina maziwa ya wageni kwenye gome halisi. "Ngoja nikipe kitu kingine cha kushika."

Akatia sumu, akatia kiini, akazamisha kwenye sufuria. Tulisimama tukitazama. Kiini kilibaki uji. Matone ya maziwa yaliingia, gome likakamata maziwa, na mkasi ukaachiwa ufanye unavyotaka. Ndani ya mtu, alisema, kuna protini nyingi kuliko maziwa ya Migori yote. Gome lisingefika popote.

Hapo ndipo tuliposikia kelele za nje, na hazikuwa vigelegele.

Wageni walikuwa wametaka kumwona nyoka, na Ogweno alimwambia Jakobo amlete, amwinue juu wa nyuma waone. Jakobo aliyenifundisha mikono miwili, kila siku, alikuwa na furaha mno siku hiyo. Alimshika kifutu kwa mkono mmoja ili mwingine apungie watu. Mwili ukaning'inia, nyoka akajipinda, na akamuuma kwenye nyama ya kidole gumba. Tulipofika alikuwa ameshamrudisha nyoka sandukuni, amefunga komeo, ameketi chini akishika mkono wake. Ni mtu wa kazi. Alifunga komeo kwanza.

Ogweno aliinua mikono. "Msiogope, watu wangu. Mungu mwenyewe ametuletea mfano. Mtaona kwa macho."

Na watu, ninawaambia, wakarudi kwenye viti.

"Nipeni dawa ya shangazi," Jakobo akasema.

"Hakuna dawa," Daktari akasema. "Nimejaribu sasa hivi. Apelekwe Homa Bay, sindano ya nyoka iko."

"Daktari, umejaribu mbele yetu sote na kimeganda," Ogweno akasema, tabasamu liko bado kwa ajili ya chifu.

"Kimeganda kwa chai yako."

Hakuna aliyeelewa hilo. Mwalimu mmoja alikuwa tayari anavua mshipi ili amfunge mkono. Nikampiga kwenye vifundo vya vidole. Kina Risper wanazaliwa kila siku. Nilichukua ubao wa kukatia vitunguu, nikaulaza mkono wa Jakobo juu yake, nikaufunga taratibu kwa leso yangu usitikisike, bila kukaza. Gumba lilikuwa limeshavimba, linang'aa. Lakini mwenyewe hakutaka kusimama.

"Jakobo, amka twende."

"Siendi, Nyar Uriri."

"Unaona huu mkono wangu? Hivi ndivyo ‘siendi’ inavyofanana."

"Wewe ulipewa jiwe. Mimi nina dawa. Nikienda hospitali mbele ya watu hawa wote, shangazi yangu ataitwa mwongo."

"Usipoenda ataitwa mazishini."

Akageuza uso. Ningeweza kumbeba, ni mwembamba, lakini ana miguu mirefu na alikuwa ameizungusha kwenye nguzo ya baraza. Nikamwona Odongo amekaa pale, isipokuwa safari hii Odongo alikuwa ndani ya Jakobo mwenyewe. Sikujua ningempiga nani.

Daktari Nyaboke aliingia ndani akatoka na themosi ya jogoo. Akapiga magoti mbele yake. Mwanamke huyu sijawahi kumsikia akizidisha hata tone.

"Jakobo. Hii hapa, themosi ni ile ile unayoijua. Utakunywa yote. Lakini inanywewa ndani ya gari, gari likiwa linatembea."

Jakobo akafikiri. "Kuelekea wapi?"

"Kuelekea Homa Bay. Barabara ya Homa Bay ndiyo ina mtikisiko wake."

Akaamka. Ogweno alikuja akasimama mbele ya pikapu, anasema kituo kitaaibika, na ni chifu aliyemshika kiwiko, bado na kikombe mkononi. "Bwana Ogweno, kaa kando. Kama hiyo dawa ndiyo hii umetunywesha, mimi mwenyewe nataka lifti."

Daktari aliendesha. Mimi nilikaa na Jakobo, mkono wake juu ya ubao magotini mwangu. Gari likatoka, na yeye akafungua themosi kwa mkono mzima akanywa. Niwakumbushe tena: hajawahi kuonja chai maishani. Turungi ya Ogweno, iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu kama gome, na sukari ya wageni.

"Shangazi amebadilisha," akasema. "Imekuwa tamu."

"Kunywa."

Akanywa. Tulipopita Awendo macho yake yalikuwa yamefunguka kama taa. "Nyar Uriri, inafanya kazi. Naisikia inapanda. Nina nguvu. Nataka kukimbia."

"Kaa chini, Jakobo."

"Moyo unapiga kama ngoma. Ni dawa inapigana na sumu." Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ya tatu, akatuambia tushike zile nyingine. Daktari, ambaye ni Mkatoliki, alishika ya kwanza akiwa anakwepa mashimo. Mimi nilicheka mpaka machozi yakadondokea leso, na wakati nikicheka nilikuwa naona uvimbe umepita kifundo, umeanza kupanda mkono wa mbele, ngozi imekaza kama ya ndizi iliyoiva. Kutoka Rongo alinyamaza kuimba. Alinywa tu, kidogo kidogo, akitazama nje kwa upande wa ziwa, jasho likimtoka. Themosi ilipoisha akaishika hivyo hivyo.

Mapokezi muuguzi alituuliza kama wanavyouliza wote wa nyoka.

"Mmefunga kamba?"

"Hapana."

"Mmechanja?"

"Hapana."

"Amenyweshwa dawa gani?"

Daktari Nyaboke alianza kusafisha miwani. Nikaona ni kazi yangu. "Chai," nikasema. "Ya rangi. Na sukari."

Jakobo alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja. "Chai?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Themosi yote?"

"Yote."

Alilamba midomo. "Sasa ndiyo naelewa kwa nini mnaikimbiliaga hivyo," akasema, akafumba tena.

"Na nani aliyewachelewesha?" muuguzi akauliza, maana huwa yupo. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, Ogweno yuko kwenye ulimi, na tai yake. Lakini nilitazama saa ukutani, nikatazama mkono wa Jakobo, uvimbe haujafika kiwiko. Ogweno alijaribu, hakufaulu.

"Hakuna," nikasema. Lilikuwa neno geni kwangu. Nikalirudia, muuguzi akadhani nafikiri hakusikia.

Alipewa sindano mchana ule ule. Uhai wake haukututia wasiwasi tena baada ya hapo, ila mkono. Uliendelea kupanda kabla haujashuka. Ulifanya malengelenge, ukawa mweusi sehemu ya gumba, na madaktari walikuwa wanaongea chini chini karibu na mlango, mazungumzo ninayoyajua. Kila asubuhi daktari wa wodi alimpa vidole vyake viwili, akisema, "Shika." Jakobo alijaribu. Vidole vyake vililala pale kama samaki wadogo waliokaushwa. Mkamuaji wa nyoka bila mkono wa kulia ni mwosha chupa, na nafasi hiyo ilikuwa na mtu.

Shangazi alikuja kutoka Mfangano kwa boti, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Alipoelezwa alishangaa. "Gome langu? Hilo ni la kuzuia kuharisha. Yule mtu wako wa zamani aliumwa na nyoka wa majani asiye na sumu, lakini kwa woga tumbo likamfunguka, ndiyo nikampa." Akamgeukia Jakobo. "Ulikuwa mtoto, hukuuliza. Sasa wewe ni mzee, na bado hukuuliza." Wodi ilicheka, Jakobo akacheka zaidi, na daktari akaja kutunyamazisha.

Daktari Nyaboke naye alifika siku moja akikimbia kwenye korido, mtu wa umri wake. Alikuwa ameanza kutia maziwa kwenye kila kipimo, hata vile vya zamani. Vizuizi karibu vyote vilianguka. Lakini unga mmoja, ule uliokuwa hautaki kuyeyuka, uliziba mkasi wa kifutu katikati ya maziwa na haukugusa kitu kingine. Si dawa, alisema, akatuapisha tusimwambie mtu ni dawa. Ni kitu kinachojua mlango wake. Mtaukuta kwenye friji, ninyi, kichupa cha kizibo cha bluu. Msiufanyie sherehe. Utieni maziwa tena. Ogweno wakati huo alikuwa amehamishiwa mahali pasipo na nyoka, na yeye na Daktari walikuwa wameenda kila baraza kuelezea watu upya, Daktari akiwa na mayai, Ogweno akiwa bila tai. Chifu alihakikisha.

Halafu asubuhi moja daktari wa wodi alichelewa. Nilikuwa nimemletea Jakobo uji. Nikaona nisimngojee, nikampa Jakobo kiganja changu, hiki cha kushoto, kilichobaki na vidole vitatu.

"Shika," nikamwambia.

"Wewe si daktari."

"Shika hivyo hivyo."

Akanitazama, akakunja uso. Kidole cha mwisho kikasogea. Kisha cha kando yake. Kisha vyote, na gumba, lile gumba jeusi, likaja polepole kutoka upande wa pili likafunga. Akakaza. Alikaza kama anavyomshika kifutu nyuma ya kichwa, akikaza akicheka bila sauti, na mifupa yangu ikalia. Iliniuma sana. Sikumwambia aache.